Mzee wa R1: Dogo wa Chato Aliyefundishwa Kutulia na Gemu ya Besiboli

Mpe mtu padi dakika kumi tu, utamjua kuliko ukikaa naye mwaka mzima kijiweni. Kwenye stori kila mtu ni mpole, kila mtu ana malengo. Kwenye gemu hakuna kuigiza. Mwenye papara ataonekana, mwoga ataonekana, na yule asiyekubali makosa atasema padi mbovu.

Banda la gemu la Chato, mkoani Geita, ni lile lile la Mwanza au Manzese. Benchi la mbao, feni inayopiga kelele kuliko upepo wake, TV moja ya flati na nyingine chogo, na PES 2013 ambayo watu wamekataa kabisa kuiacha. Konami wamebadilisha jina la gemu yao kuwa eFootball tangu 2021, EA nao wakaachana na jina la FIFA 2023, lakini mtaani bado ni PES na FIFA, mjadala umefungwa.

Sheria ya banda ni moja: aliyefungwa analipa, halafu anapisha. Hapo ndipo mbinu zinapozaliwa. Ukicheza kwenu ukafungwa, unaanza upya na maisha yanaendelea. Bandani ukifungwa, mia tano imeondoka, foleni ina watu sita, na wote sita wana la kusema.

Aina za watu utakaowakuta kwenye benchi

Kuna mpaki basi. Huyu anarudisha watu wote nyuma, anasubiri ukosee, kisha anapiga mpira mmoja mrefu kwa straika mwenye mbio. Hana raha ya kutazama, ila ukiangalia mfuko wake una chenji.

Kuna mzee wa krosi. Pembeni, krosi, kichwa. Ukimziba kushoto anaenda kulia. Kila mtu anajua anachotaka kufanya na bado anawafunga.

Kuna mwanafunzi wa pembetatu. Kazi yake ni pasi za kupenyeza tu, mpira uende nyuma ya mabeki. Siku ikimkubali anaonekana profesa. Siku ikimkataa, kila pasi inaishia mikononi mwa kipa.

Kuna mtulivu. Anapiga pasi fupi kwa eksi, anarudisha hadi kwa kipa, anaanza tena. Kelele za benchi hazimgusi. Huyu watu wanamchukia hasa kwa sababu hafanyi chochote, na bado dakika ya 80 anaongoza.

Halafu kuna mzee wa R1.

R1 haiachiwi

Wanaocheza wanajua: R1 ni kitufe cha mbio. Mzee wa R1 anakibana kuanzia refa anapopuliza hadi mwisho. Akiwa na mpira anakimbia, akiwa hana anakimbia. Kwenye kukaba anabana eksi na boksi kwa pamoja, wachezaji wawili wanamvaa mwenye mpira kama nyuki, na nyuma anabaki beki mmoja analinda nusu uwanja. Mpinzani akiwa na presha, mbinu hii inaua. Akitulia, pasi mbili tu zinatosha, shimo liko wazi. Na ikifika dakika ya 70 wachezaji wamechoka, hata mpira wa kawaida hawaufikii.

Pale Chato jina hilo alipewa kijana mmoja wa miaka 23, dereva wa bodaboda. Kabla ya bodaboda alikuwa machimboni, Nyarugusu. Ukijua hilo, uchezaji wake haushangazi hata kidogo.

Machimboni hakuna anayesubiri. Zikivuma habari kwamba kuna duara linatema, watu wanahama usiku. Ukilala, unakuta mifuko imeshagawanywa na wewe huna jina. Kule kukimbilia kitu kabla hujakielewa ndiyo akili yenyewe. Kijana alipata mgawo wake mara mbili, hela ya maana kabisa. Mara zote mbili aliizungusha kwenye duara lingine alilolisikia asubuhi na kulilipia jioni. La kwanza lilitoa kifusi. La pili lilijaa maji. Akarudi Chato na simu, begi, na deni la nauli.

Dada yake, anayeuza dagaa mwaloni, hakumpigia kelele. Alimwambia kitu kimoja tu: ukipata, niletee mimi nikutunzie. Kijana akaanza kuendesha pikipiki ya mtu, kila jioni anapeleka hesabu kwa bosi, kinachobaki anakula kidogo na kingine kinakwenda kwa dada. Lengo lilikuwa pikipiki yake mwenyewe. Kila Jumapili, lakini, alikuwa bandani anachangia biashara ya watu. Fundi simu mmoja, mtulivu haswa, alimgeuza kuwa mradi. Mbili bila. Tatu moja. Moja bila, dakika ya 88.

Besiboli inaingiaje hapa?

Inaingia kupitia usiku. Stendi, baada ya saa nne, abiria ni wa kusubiri. Kijana alikuwa na gemu kwenye simu, akatafuta nyingine ya bure isiyokula bando, akaangukia ya besiboli. Mchezo wenyewe hakuwahi kuuona popote zaidi ya kwenye muvi.

Kwa wasioujua: mmoja anarusha mpira, mwingine amesimama na gongo. Kwenye skrini kuna boksi dogo la kufikirika mbele ya mpigaji. Mpira ukipita ndani ya boksi usipoupiga, ni straiki. Ukipunga gongo ukakosa, ni straiki pia. Straiki tatu, umetoka. Sasa sikia utamu wake: mpira ukipita nje ya boksi na wewe ukauacha, mrushaji ndiye anayehesabiwa kosa. Akikosea mara nne, unatembea bure hadi besi ya kwanza. Hujagusa kitu, na umesonga mbele.

Mrushaji anajua hilo, kwa hiyo kazi yake ni kukudanganya. Anarusha mpira unaoonekana mtamu, halafu unazama chini sekunde ya mwisho. Anarusha wa kasi mara mbili, wa tatu anautuma taratibu, wewe umeshapunga gongo na mpira bado uko njiani.

Usiku wa kwanza Mzee wa R1 alipunga kila kitu. Straiki tatu, nje. Straiki tatu, nje. Kompyuta haikuhitaji hata kurusha mpira mzuri. Ilikuwa inamtupia takataka na yeye anazipokea kwa mikono miwili.

Wiki ya pili, zaidi kwa hasira kuliko akili, aliacha kugusa skrini. Mipira minne ikapita nje. Mtu wake akatembea hadi besi ya kwanza. Inasemekana alicheka peke yake pale stendi hadi mwenzake akamuuliza kama ameshinda mkeka.

Wazungu wa mchezo huo wameliandikia vitabu jambo hili. Ted Williams wa Boston Red Sox, aliyemaliza msimu wa 1941 na wastani wa .406, yaani zaidi ya mara nne katika kila kumi, kwenye kitabu chake The Science of Hitting aliligawa lile boksi katika vipande 77 vya ukubwa wa mpira. Kila kipande akakipa wastani wake: hapa nikipiga napata sana, kule pembeni chini napata kidogo. Somo lake la kwanza kwa mpigaji lilikuwa kusubiri mpira mzuri. Na hata Konami, hao hao wa PES, wana gemu yao ya besiboli, Pawapuro, ambayo Wajapani wameicheza tangu 1994. Wanaotengeneza gemu hizi wanajua kwamba kusubiri nako ni kucheza.

Kurudi bandani

Kijana hakutangaza kitu. Jumapili moja alikaa mbele ya fundi simu na kidole hakikuwa kwenye R1. Mpinzani alipokuwa na mpira, hakubana eksi na boksi. Alibadilisha mchezaji kwa L1, akamchukua kiungo, akamsimamisha kwenye njia ya pasi, basi. Fundi simu akapiga pasi kumi, ishirini. Hakuna anayekuja. Akaanza yeye kuharakisha. Mechi ikaisha bila bila, benchi likalalamika kwamba limeibiwa. Wiki iliyofuata kijana alishinda moja bila. Iliyofuata akafungwa mbili, maana fundi simu naye si mjinga. Ila zile tatu moja za kila wiki ziliisha.

Halafu simu ikapigwa

Laki sita zilikuwa zimefika kwa dada. Siku hiyo alipigiwa na mtu waliyechimba naye.

"Ngosha, kuna duara jipya. Weka laki sita tu, wiki mbili unazidisha. Jibu leo, kesho nafasi hakuna."

Mzee wa R1 wa zamani angekuwa njiani kabla simu haijakatwa. Huyu aliuliza maswali matatu. Eneo lina leseni ya nani? Wameshuka futi ngapi? Tayari wako wangapi kwenye mgawo? Alijibiwa moja. Akaenda mwaloni kwa dada.

"Hela ni yako, mdogo wangu," dada akasema huku anageuza dagaa. "Mimi nauliza tu, umeilalia hata usiku mmoja?"

Aliilalia. Asubuhi akatuma meseji: kaka, hii naiacha ipite.

Hapa ndipo wengi wangependa duara liporomoke ili somo likae vizuri. Halikuporomoka. Duara lilitema. Wiki ya tatu yule mwenzake aliweka status amekaa juu ya pikipiki mpya, plastiki ya siti haijatolewa. Bandani ikawa shughuli. "Mzee wa kuacha," wakamwita. "Kaacha hadi dhahabu." Kuna siku mbili hakwenda kabisa.

Lakini besiboli ilikuwa imeshamfundisha na hili. Unaweza kuuacha mpira kwa sababu sahihi kabisa, na ukawa ulipita ndani ya boksi. Refa anaita straiki. Inauma. Ila ni straiki moja, bado umesimama na gongo lako. Anayetolewa mapema ni yule anayeona straiki moja, anachanganyikiwa, halafu anapunga kila kinachofuata ili kufidia. Mara mbili alikuwa mtu huyo, na anajua nauli ya kurudi ilitoka wapi.

Hajawa tajiri. Laki sita zimekuwa nane, pikipiki anayoendesha bado ni ya bosi, na kuna usiku pale stendi bado anafikiria ile status.

Wala hajageuka mtulivu wa kudumu. Akiwa nyuma moja bila na imefika dakika ya 85, R1 inabanwa hadi kidole kinageuka cheupe, wachezaji wote wanapanda. Na hapo yuko sahihi. Hata kwenye besiboli, ukishakuwa na straiki mbili huna tena nafasi ya kuchagua. Kila unaokaribia boksi unaupiga. Kazi ni kujua una straiki ngapi.

Wewe je? Mpaki basi, mzee wa krosi, mtulivu au R1 haiachiwi? Na ukiweka padi chini, unacheza hivyo hivyo? Dondosha komenti, na usidanganye, washkaji zako wanasoma.