Mifuko Miwili

Dada yangu,

Ujumbe wako wa sauti ulinikuta kwenye foleni ya magari nje ya shule, namsubiri mwanao atoke. Niliusikiliza mara mbili. Umesema kamati ya shule ilikaa tangu saa nne hadi adhuhuri kwa ajili ya matundu mawili ya choo. Mwalimu mkuu alileta risiti, na mzazi mmoja akasimama akataka kujua kwa nini risiti inasema mifuko kumi na minane ya saruji wakati iliyopokelewa ni kumi na sita. Kisha ukaniuliza: "Huko kwenu hela za shule zinatoka wapi, na nani anasimama kuuliza?"

Nimelibeba swali hilo wiki nzima. Ngoja nikujibu kwa urefu, maana jibu fupi litakupotosha.

Hapa ninapoishi, kaskazini ya Dallas, shule haziko chini ya halmashauri ya mji. Zina mamlaka yake inayoitwa wilaya ya shule. Usiifikirie kama wilaya ya Korogwe yenye DC. Hii ina mipaka yake, ina bodi ya watu saba wanaochaguliwa kwa kura na wasiolipwa mshahara, na ina uwezo wa kutoza kodi. Texas peke yake ina wilaya za namna hii zaidi ya elfu moja. Jimbo halikati kodi kwenye mshahara. Inayokata ni serikali kuu ya Marekani. Basi mzigo wa shule umeangukia kwenye nyumba. Kila mwaka ofisi ya tathmini inakuandikia nyumba yako ina thamani gani, na mwezi wa kumi bili inaingia. Ukiisoma utakuta mji, kaunti, chuo cha jamii, kila mmoja na chake, lakini fungu la shule ndilo linalozidi yote. Hata mpangaji analipa, kwa sababu mwenye nyumba ameshaliweka ndani ya pango.

Nilipohamia huku jambo la kwanza lililonishangaza ni uwanja wa mpira. Wilaya ya shule ya Allen, jirani zetu, mwaka 2012 ilifungua uwanja wa watoto wa sekondari wenye viti 18,000. Viti, dada, si watu kusimama kwenye nyasi. Uligharimu dola milioni 60. Mwaka 2014, kabla haujamaliza hata miaka miwili, zege likapatikana na nyufa, ukafungwa, na haukuchezewa tena mpaka 2015. Na mwaka 2016 McKinney, mji unaofuata barabarani, nao wakapiga kura kujenga wa kwao, ukafika dola milioni 70 hivi. Na mwanao alipoanza shule, mwalimu wake akatutumia orodha ya vitu vya kununua mwanzoni mwa muhula: penseli, gundi, karatasi, na maboksi ya tishu kwa ajili ya darasa zima.

Nilikasirika. Nilidhani kuna mtu anakula. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba hakuna aliyeiba, na kwamba kilichopo ni kibaya kwa namna nyingine.

Wewe unasikiliza bajeti ya Dodoma kila Juni, kwa hiyo utanielewa upesi. Unajua matumizi ya kawaida na matumizi ya maendeleo. Kodi ya shule hapa nayo imekatwa vipande viwili. Kipande kimoja ni cha uendeshaji: mishahara, umeme, mafuta ya mabasi, vitabu. Kingine ni cha kulipa deni tu. Wilaya ikitaka kujenga inawaomba wapiga kura ruhusa ya kuuza hatifungani, inapata fedha mkononi, kisha inalipa deni hilo kidogo kidogo kwa miaka ishirini au thelathini kutoka kipande hiki cha pili. Fedha za mfuko wa deni haziruhusiwi kumlipa mwalimu hata senti moja. Zinaweza kulipia deni la jengo, basi, kompyuta, uwanja. Basi unaweza kuwa na zulia jipya la nyasi bandia na mwalimu anayeondoka kwa sababu mshahara haumtoshi, chini ya bodi ileile, mwezi uleule, na kila kitu kikawa halali.

Tena mfuko wa uendeshaji haumo mikononi mwao. Kiwango cha msingi kwa kila mtoto kinapangwa Austin, makao makuu ya jimbo. Mwaka 2019 wabunge walikiweka dola 6,160. Ikaja korona, bei za vyakula zikapanda, bima ikapanda, mishahara ya madereva ikapanda, na kiwango kikabaki palepale hadi 2025. Walipokiongeza, wakaongeza dola 55, ingawa waliongeza pia fungu la pembeni kwa mishahara ya walimu. Nimeyaandika haya huku nikikumbuka ruzuku yenu ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi, na najua hizi si fedha za kulinganisha. Ila kuganda kwa kiwango wakati maisha yanapanda nakufahamu, na wewe unakufahamu zaidi yangu.

Kuna jambo moja hapa ambalo wazazi wengi hawalijui, na mimi nililijua kwa kuuliza sana. Tangu 1993 wilaya yenye nyumba za thamani kubwa hulazimika kupeleka sehemu ya kodi yake kwa jimbo ili izisaidie wilaya maskini. Watu huku wanaiita sheria ya Robin Hood, na Plano, majirani zetu wa upande wa pili, wamekuwa miongoni mwa wanaotoa kwa miaka mingi. Lakini sheria hiyo inagusa mfuko wa uendeshaji tu. Mfuko wa deni haiugusi. Sasa jiweke kwenye kiti cha mjumbe wa bodi. Ukitoza dola kwa ajili ya mwalimu, sehemu yake huenda ikaondoka. Ukitoza dola kwa ajili ya uwanja, yote inabaki nyumbani. Uwanja unaonekana ukiwa barabara kuu, unakatwa utepe, unapigwa picha. Mwalimu wa kusoma wa darasa la pili haonekani na mtu isipokuwa watoto wenyewe.

Usije ukadhani nailaumu sheria hiyo. Ilitoka kwa watu walioteseka. Mwaka 1968 huko San Antonio, wanafunzi wa sekondari ya Edgewood walitoka madarasani kudai walimu wenye sifa na majengo yanayofaa, na baba mmoja aitwaye Demetrio Rodriguez, fundi wa mabati katika kambi ya jeshi la anga, akaenda mahakamani pamoja na wazazi wenzake. Wakazi wa Edgewood walikuwa wanajitoza kodi kwa kiwango kikubwa kuliko matajiri wa Alamo Heights katika eneo hilohilo la San Antonio, dola 1.05 dhidi ya senti 85 kwa kila dola mia ya thamani. Lakini nyumba zao zilikuwa duni, kwa hiyo baada ya kujumlisha kila kitu mtoto wa Edgewood alipata dola 356 kwa mwaka na wa Alamo Heights 594. Kesi ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani. Mwaka 1973 Rodriguez alishindwa kwa majaji watano dhidi ya wanne. Hawakukata tamaa, kesi nyingine ikafunguliwa mahakama za Texas, na mwaka 1989 majaji wote wa juu wa jimbo wakakubaliana kwamba mfumo ule unavunja katiba. Huyo mzee alianza wanawe wakiwa wadogo, na waliofaidika ni watoto wa wengine. Kila nikisikia mtu hapa akilalamika kwamba "fedha zetu zinapelekwa kwa wengine," namkumbuka yeye.

Sasa swali lako la pili: nani anasimama kuuliza?

Wilaya yetu huweka wazi kila hundi inayoandika. Usiku mmoja niliketi jikoni na orodha ya mwezi mmoja, kurasa kwa kurasa: namba ya hundi, aliyelipwa, kiasi. Maziwa. Dizeli. Kampuni ya walimu mbadala. Wakalimani wa lugha ya alama. Bima ya mapaa, na hiyo ni kubwa, kwa sababu huku mvua ya mawe ya mwezi wa nne inatoboa paa kama risasi. Fundi wa piano. Nilitafuta ubadhirifu na nikakuta kwa sehemu kubwa ni watu wanaohangaika kuendesha shule. Ukiondoa mishahara, ambayo inameza karibu senti themanini za kila dola ya uendeshaji, kinachobaki cha kukata ni kidogo mno. Na mapato yenyewe yanahesabiwa kwa mahudhurio, si kwa uandikishaji. Mwanao akiugua mafua siku tatu, kiti chake kitupu kinaipunguzia shule fedha, wakati mwalimu yuko palepale na taa zinawaka palepale. Ndiyo maana simu inaita kabla sijamaliza kumpa dawa.

Mwezi uliopita nilienda kwenye kikao cha bodi. Mwanao yuko darasa la tatu na wako ishirini na watano. Sheria ya Texas inasema hadi darasa la nne wasizidi ishirini na wawili, ila wilaya inaweza kuomba kibali cha kuzidisha, na ombi hilo lilikuwa kwenye ajenda ya siku hiyo. Najua kwenu ishirini na watano ni safu mbili za madawati. Lakini mwanao ameanza kusoma kwa kigugumizi na mwalimu wake aliniambia kwa uchungu kwamba anapata dakika nne tu kwa siku za kukaa naye peke yake.

Ukumbi una viti kama mia mbili. Tulikuwa watu kumi na mmoja. Nilihesabu. Unajaza karatasi mlangoni, wanakuita jina, unapewa dakika tatu. Kwenye meza pana kisanduku chenye taa: kijani, kisha njano, kisha nyekundu. Kabla yangu alizungumza mama mmoja mwenye mtoto asiyetembea. Basi lenye ngazi ya umeme hufika dakika arobaini baada ya kengele kila siku, alisema, na mtoto wake hajawahi kuliona somo la kwanza. Taa ilikuwa nyekundu alipofika kwenye neno "kila siku" na hakuna aliyemkatisha. Bodi haikumjibu. Si ukatili, sheria ya mikutano ya hadhara haiwaruhusu kujadili kisichokuwa kwenye ajenda. Lakini alirudi kwenye kiti akiwa amekunja karatasi yake mpaka ikawa ndogo kama kiberiti.

Mimi nilisema hivi: kwamba nimelipa kodi hapa kwa miaka tisa. Kwamba sipigi kura, kwa sababu bado nina pasi ya Tanzania na nchi yangu hainiruhusu kushika uraia wa pili, kwa hiyo dakika hizi tatu ndizo nilizo nazo. Kwamba nimesoma hundi zao na sioni mwizi. Ila kama Austin haitoi fedha za kutosha kumwajiri mwalimu mmoja zaidi, naomba wasiipitishe barua ya kibali kimya kimya. Waipitishe na waandike ndani yake ni madarasa mangapi na watoto wangapi, waitume kwa kila mbunge wa eneo hili, na waibandike kwenye milango ya shule. Taa ilikuwa bado njano nilipomaliza.

Kibali kilipita, watano kwa wawili. Mmoja wa wale wawili aliomba idadi ya watoto iandikwe kwenye kumbukumbu za kikao, na ikaandikwa.

Mwezi wa tano kuna kura ya hatifungani nyingine. Safari hii kuna maswali mengi kwenye karatasi moja. Tangu 2019 sheria inataka uwanja mkubwa usimame peke yake kwenye kura, usifichwe nyuma ya madarasa kama ilivyofanyika Allen, ambako uwanja ulipitishwa 2009 ndani ya furushi moja na majengo mengine. Na juu ya kila swali lazima iandikwe kwa herufi kubwa kwamba hili ni ongezeko la kodi ya majengo. Nimewaambia Wakenya na Wakongo wa kanisani walio na uraia: someni kila swali peke yake, mapaa na mabasi mkiyaona yanafaa myakubali, uwanja muutazame kwa jicho la yule mtoto anayefika somo la kwanza likiwa limepita. Jumamosi inayokuja yule mama wa ukumbini anakuja nyumbani na orodha ya hundi za usafiri. Anataka tutafute pamoja ni mabasi mangapi yenye ngazi yamenunuliwa na mangapi yana dereva. Basi linanunuliwa kwa mfuko wa deni, dereva analipwa kwa ule mwingine. Nadhani jibu lake limo hapo katikati.

Mke wangu anakusalimu sana. Mwanao anataka ujue kwamba amesoma kitabu kizima cha papa bila kusaidiwa. Nimetuma kidogo kwa ajili ya choo. Mpe mweka hazina, si mwalimu mkuu, na akuandikie risiti. Na uniambie tafadhali, maana nimelala nikiiwaza: ile mifuko miwili ya saruji ilipatikana?

Mdogo wako,
Texas