Njia ya Kwenda Rabai

Kutoka Mombasa hadi Rabai si safari ya kufungia mizigo. Familia yenye gari itoke alfajiri, kabla malori ya bandarini hayajaijaza barabara ya Changamwe na Miritini. Asiye na gari apande matatu ya Mariakani, ashuke Mazeras. Hapo njia huiacha barabara kuu ya Nairobi, ikashika kulia kuelekea Kaloleni, na Rabai iko juu vilimani, kilomita chache tu. Bodaboda ni nyingi, lakini mama mwenye watoto asubiri matatu. Atokaye Malindi hana haja ya kufika Mombasa: avuke daraja la Kilifi, akate Mavueni, apitie Kaloleni. (Kwa wenye kuuliza: wa Malindi hutimiza marhala mbili, naye aweza kukusuru sala, wa Mombasa hatimizi.)

Wengi huijua Rabai kwa wamishenari Krapf na Rebmann, waliojenga hapo kituo chao mwaka 1846, na jengo la zamani la misheni sasa ni makumbusho. Wengine huijua kwa kaya ya Warabai, moja ya misitu ya Mijikenda iliyotambuliwa na UNESCO mwaka 2008. Huko haingii mtu ila kwa idhini ya wazee.

Basi Muislamu ana nini huko? Ana deni. Katika karne ya 19 watumwa waliotoroka majumba na mashamba ya pwani walikimbilia Rabai, wakajificha misheni. Januari 1889 Mackenzie, wa kampuni ya Waingereza, alitoa hati za uhuru kwa zaidi ya watu elfu moja, baada ya kukubaliana na mabwana zao juu ya fidia. Mabwana hao wengi walikuwa Waislamu, ilhali dini yetu ilikwisha kuufanya ukombozi wa mtumwa kuwa ibada na kafara.

Tulipowapeleka wanafunzi wetu wa chuoni, binti mmoja aliuliza watu wale walikuwa wakimkimbia nani. Tulimjibu kuwa walikuwa wakiwakimbia babu zetu. Alinyamaza njia nzima ya kuteremka, nasi hatukumharakisha.

Vizazi vya watu wale wangali wanaishi Rabai. Ukikutana nao, toa salamu na uwasikilize. Na jioni matatu za kuteremka Mazeras hupungua, hivyo mwondoke baada ya Alasiri.