Mapafu ya mtoto

Niko Ilongero na mama. Dada amelazwa Singida mjini, mimba ya wiki 33, presha imegoma kushuka. Wataanzisha uchungu mapema, wanahofia kifafa cha mimba.

Mama anauliza kitu kimoja tu: "Mapafu ya mtoto je, baba?"

Anachomwa deksamethasoni, miligramu 6 kila saa 12, mara 4, ili vifuko vya hewa vipate utelezi visijifunge. Nikamsimulia Liggins wa New Zealand, aliyeshangaa kuona mwanakondoo njiti anapumua; mwaka 1972 yeye na Howie wakathibitisha kwa binadamu. Mama, Mnyaturu aliyekulia mifugoni, akauliza: "Huyo kondoo aliishi?"

Sikumjibu. Sindano ya nne ni saa 4 usiku huu. Simu ninayo mkononi.