Sehemu ya 12: Mbio zinazoishia kona ya kwanza

 Leo niko ofu, nguo ziko kwenye mashine, wali uko jikoni, nimepata nusu saa ya kuwaandikia. Wiki iliyopita tuliongea kuhusu watoto wanaogoma kula. Leo naongelea mtoto anayekata tamaa kabla hajajaribu, na nitawapitisha njia ya mbali kidogo, kwenye mbio za pikipiki. Nivumilieni, tutafika.

Mbio zenyewe zinaitwa spidiwei. Pikipiki ina injini ya 500 cc, gia moja, na haina breki. Ndiyo, mmesoma vizuri, HAINA BREKI. Wanapanga mstari wanne, kamba inaruka juu, wanazunguka uwanja mara nne wakikunja kushoto tu, juu ya udongo wa changarawe laini. Kwenye kona pikipiki inateleza kwa ubavu, usukani umeelekea kulia huku yenyewe inaenda kushoto. Dakika moja hivi, imekwisha. Wa kwanza pointi 3, wa pili 2, wa tatu 1, wa mwisho anarudi na vumbi lake.

Hapa Manchester tuna timu ya Belle Vue, na uwanja wao wa sasa ulifunguliwa mwaka 2016. Mzee mmoja jirani yetu, mjane, ndiye aliyetupeleka mara ya kwanza, mimi na mwanangu. Nilienda kwa heshima tu, si mnajua mtu mzima akikukaribisha. Nikarudi nyumbani sauti imekauka kwa kushangilia! Uwanja ule ni mpana, kona zake zimeinuka upande wa nje, kwa hiyo mtu anaweza kutoka wa mwisho, akapita kule juu karibu na ukuta, akawala wenzake wote kabla ya mstari. Mwanangu alikuwa na miaka sita. Alilala na kofia ya timu kichwani.

Kwa hiyo tukawa watu wa spidiwei. Na ukishakuwa mtu wa spidiwei, unataka kuona zile kubwa za kimataifa, Grand Prix, zinazotoa bingwa wa dunia. Nikaweka akiba, nikabadilishana zamu na mwenzangu, tukasafiri hadi mji mwingine kwenye uwanja mkubwa wenye paa. Taa, muziki, fataki, kila kitu.

Jamani, tulilala.

Sitanii. Mbio ya kwanza, aliyetoka mbele kwenye kamba akashinda. Ya pili hivyo hivyo. Ya tano hivyo hivyo. Jioni moja ina mbio ishirini kabla hata ya kufika hatua za mwisho, na karibu zote ziliisha pale kwenye kona ya kwanza. Mizunguko iliyobaki ilikuwa msafara, kama magari nyuma ya lori la mchanga kwenye mlima. Mwanangu akalala kifuani kwangu kwenye mbio ya kumi na mbili. Tiketi, treni na chips zilivyonigharimu, wacha tu.

Baadaye nikamuuliza mzee jirani tatizo ni nini. Akanieleza vizuri. Viwanja vile vikubwa vimejengwa kwa ajili ya mpira au ragbi. Udongo unaletwa kwa malori siku chache kabla, unashindiliwa juu ya sakafu, na baada ya mashindano unaondolewa. Nafasi ni finyu, kona zinabana. Udongo usipokuwa mzuri, kunabaki njia moja tu inayoshika tairi, na kila mtu anaitaka hiyo hiyo. Aliye mbele anaikalia, hakuna pa kumpitia. Watu wanasema waendeshaji wamekuwa waoga. Mzee anasema hapana, wamenyimwa barabara.

Sasa niwaambie siri ya nesi. Mimi nafanya kazi wodi ya mifupa. Nyonga, mapaja, uti wa mgongo, ndiyo mkate wangu wa kila siku. Najua kwamba Darcy Ward, kijana wa Australia aliyekuwa na kipaji kikubwa, alianguka Poland mwaka 2015 na hajatembea tena. Kwa hiyo mbio zikiboa, kuna sehemu yangu inashukuru. Nasema bora waende kwa foleni, warudi kwa watoto wao wakiwa wazima.

Nilipomwambia mzee hivyo, alitikisa kichwa. Akaniambia nisichanganye kuboa na usalama. Akanikumbusha Warsaw, Aprili 2015, Grand Prix ya kwanza kwenye uwanja wa taifa wa Poland. Watu zaidi ya elfu hamsini walikuja, na wengi walikuja kumuaga Tomasz Gollob, gwiji wao. Mtambo wa kamba ukagoma, udongo wa muda ukakatikakatika ukawa mabonde, na baada ya mbio kumi na mbili tu mashindano yakasimamishwa. Watu walizomea. Uwanja mbovu ulinyima watazamaji mbio na ukawahatarisha waendeshaji kwa wakati mmoja. Uwanja mzuri unampa kila mtu pa kupita, na mwenye pa kupita halazimiki kumgonga mwenzake. Hilo nililielewa haraka, maana hata wodini korido iliyojaa vitanda ndiyo inayoangusha watu.

Haya, hilo ni la uwanja. La pili ndilo lililonigusa zaidi kama mama.

Msimu wa 2024 ukiwa unaelekea mwisho, tulikuwa tunaangalia raundi moja kwenye televisheni. Mwanangu, miaka tisa, akachukua rimoti akazima katikati. Nikamuuliza vipi. Akasema, "Mama, si tunajua? Ni Zmarzlik. Na mwakani watakuwa walewale."

Bartosz Zmarzlik wa Poland amekuwa bingwa wa dunia 2019, 2020, 2022, 2023 na 2024. Yule kijana ni mtaalamu kweli, simlaumu hata kidogo, kazi yake ni kushinda. Mwaka 2021 alishindwa na Artem Laguta, Mrusi, lakini 2022 Warusi wote walifungiwa kwa sababu ya vita ya Ukraine, kwa hiyo bingwa hakuweza hata kutetea taji lake. Vita ni vita, siingii huko. Ila mashabiki walibaki na swali la nani angeshinda wangekuwepo wote.

Lakini mwanangu hakuwa anamlalamikia Zmarzlik peke yake. Alikuwa anaongelea "walewale". Utaratibu uko hivi: Grand Prix ina waendeshaji 15 wa kudumu kwa msimu. Wachache waliomaliza juu mwaka uliopita wanabaki. Wachache wanapita kwenye mashindano ya mchujo. Waliobaki wanateuliwa, kamati inakaa na kuandika majina. Na hapo ndipo kelele za mashabiki zinapoanzia kila mwaka. Fulani kamaliza nyuma msimu mzima, bado jina lake limo. Fulani anawaka kwenye ligi ya Poland, ambayo ndiyo ligi kubwa kuliko zote, lakini Wapoland tayari wako wengi, basi asubiri.

Nijaribu kuwa mkweli, uteuzi una sababu zake. Mtu aliyevunjika mguu katikati ya msimu hastahili kufungiwa mlango. Na mashindano yakiwa ya nchi tatu tu hayatakuwa ya dunia. Hayo nayakubali. Lakini nafasi za kuteuliwa zikiwa nyingi kuliko za kupigania, kijana aliyeko chini anaona nini? Anaona orodha imeshaandikwa.

Mzee jirani yeye bado analilia enzi za zamani. Mpaka mwaka 1994 bingwa wa dunia alipatikana usiku mmoja tu, fainali moja, baada ya ngazi ndefu ya michujo. Anapenda kunisimulia ya 1973 kule Chorzów, Poland. Jerzy Szczakiel, kijana ambaye wengi hawakumfikiria, alilingana pointi na Ivan Mauger wa New Zealand, mfalme wa wakati ule. Wakarudiana wawili tu, Mauger akaanguka, Szczakiel akawa bingwa wa kwanza kutoka Poland. Mzee anasema utaratibu ule haukuwa wa haki sana, maana usiku mmoja una bahati zake. "Lakini," anasema, "hakuna mtoto aliyezima televisheni."

Sasa mbona hili liliniuma mimi? Kwa sababu wiki ile ile mwalimu aliniambia mwanangu hakwenda kwenye majaribio ya timu ya mpira ya shule. Nilidhani ameenda. Nilimfulia hadi soksi! Nilipomkalisha chini akaniambia, "Sasa niende nifanye nini, Mama? Wanachagua walewale kila mwaka."

Maneno yale yale aliyoyasema kwenye kochi. Nikakosa la kumjibu, kwa sababu kwa kweli walikuwa wanachagua walewale.

Wadogo zangu, hapa naomba mnisikilize. Mtoto akisema hivyo, haraka yetu ni kumwambia "hapana mwanangu, ukijitahidi utapata." Mtoto wa miaka tisa si mjinga. Anaona. Ukimwambia mlango uko wazi wakati anauona umefungwa, atajifunza tu kwamba mama naye anasema uongo. Mimi nilinyamaza usiku ule. Nikamwambia, "Ni kweli, na inaudhi." Akaja akaniegemea. Nadhani alihitaji hilo kwanza.

Jibu lililobaki lilikuja 2025, na sikulileta mimi.

Brady Kurtz ni Mwaustralia, na ni wa kwetu hapa Belle Vue. Tumemwona kwa macho tukiwa na chips mkononi. Hakuteuliwa na mtu. Aliingia Grand Prix ya 2025 kwa kupita mchujo, msimu wake wa kwanza kama mwendeshaji wa kudumu, akiwa mtu mzima wa karibu miaka thelathini. Mwanzoni akaenda taratibu. Halafu akashinda raundi. Akashinda nyingine. Akashinda tano mfululizo! Septemba, raundi ya mwisho, Vojens kule Denmark, alishinda tena, na bado ubingwa ukaenda kwa Zmarzlik, wa sita, kwa tofauti ya pointi MOJA.

Nyumbani kwetu hakuna aliyezima televisheni. Mzee jirani alikuwa kwenye kochi letu, chai imepoa mkononi. Mwanangu alikuwa amesimama juu ya meza, nikasahau kumkemea. Ilipoisha alilia kidogo, halafu akauliza, "Mama, angekuwa hajaenda kwenye mchujo?"

Nikamwambia, "Tungekuwa tumelala saa hizi."

Sikuongeza kitu. Mama zangu, tujifunze kunyamaza wakati mtoto anafikiria mwenyewe.

Ila kimya changu hakikuwa cha kukaa tu. Nilimwandikia mwalimu wa michezo, kwa adabu, nikamuuliza kama majaribio ya mwaka huu yanaweza kutangazwa kwa watoto wote, na siku ijulikane mapema. Sikuomba mwanangu achaguliwe. Niliomba mlango. Kuna tofauti kubwa hapo, na walimu wanaijua. Alijibu vizuri, akatangaza.

Ndicho ninachokitaka hata kwa wakubwa wa spidiwei, kama kuna siku watasoma ukurasa wa nesi. Watupe viwanja vyenye njia zaidi ya moja, na waongeze nafasi za kupigania. Zmarzlik aendelee kushinda kama ndiye bora, sina shida. Nataka tu mtoto aliyeko kwenye kochi asijue mshindi kabla ya kona ya kwanza.

Kabla sijasahau, mnaotaka kupeleka watoto, haya ni ya nesi. Kelele za injini ni kali, mtoto avae vikinga masikio vile vinavyofunika sikio lote. Pamba haitoshi. Changarawe inaruka kwenye kona, kaeni juu kidogo na siyo mstari wa mbele, na miwani isaidie macho. Mtoto mchanga mwacheni nyumbani na bibi. Na mwenye pumu asisahau pampu yake, kuna vumbi.

Majaribio ya shule yalikuwa Alhamisi ile iliyofuata. Nilikuwa zamu, sikuweza kwenda. Niliporudi usiku nikakuta viatu vya matope mlangoni, na mwenyewe hajalala, ananisubiri.

Hakuingia kwenye kikosi cha kwanza. Amewekwa akiba.

Kwenye Grand Prix, mama zangu, waendeshaji wa akiba wanavaa namba 17 na 18. Wanakaa kwenye gereji jioni nzima na ngozi zao mwilini, pikipiki imepashwa moto, wakisubiri. Kuna jioni hawaitwi kabisa. Kuna jioni mmoja anaitwa, anaingia, na anatoka na pointi tatu.

Mwanangu akaniangalia na uso wa furaha ambao sikuutegemea kabisa. "Mama," akasema, "mimi ni namba 17."

Nikamwambia akalale basi, namba 17 lazima awe amepumzika.

Haya, wali unaungua. Niambieni kwenye maoni, wa kwenu ameshawahi kukwambia "watachagua walewale"? Ulimjibu nini? Sehemu ya 13 nitarudi kwenye homa za usiku, nimeona maswali yenu. Usiku mwema.