Nilisema "Labda"

Naanza na lililo baya zaidi: mama wa watu aliniomba radhi kwa kosa langu mwenyewe, nami nikaipokea.

Ilikuwa Lilongwe, Malawi, kabla ya amri ya 2023 iliyotutaka wakimbizi tuliokuwa mjini turudi kambi ya Dzaleka. Nilipanga chumba Mtandire na nilikuwa nimepata kazi kwa fundi mmoja aliyefunga intaneti maofisini na mashuleni. Kompyuta nilikuwa nimejifunza kambini, kwa Kifaransa changu cha Bukavu. Huku kazini watu walizungumza kwa herufi tupu, na herufi zenyewe za Kiingereza.

Aliyesoma Tanzania au Kenya huenda asiione shida hiyo. Sisi wa Kongo tulifundishwa kwamba I ni "i". Mwingereza anaiita "ai", kisha ile "i" yetu anaipa E! A yake ni "ei". G na J ndizo zimebadilishana viti kabisa. Basi asubuhi moja bosi, Mmalawi mwenye haraka zake, akaniagiza shuleni nikafunge kifaa: nibadilishe ai-pi ya ei-pi, halafu dii-eichi-sii-pii niifanye sijui nini. IP, yaani anwani ya kifaa kwenye mtandao, niliijua, lakini kwa jina la "i-pe". AP sikuijua kabisa. Nilidhani amerudia neno lilelile. Katika daftari niliandika IP, chini yake tena IP, na neno la mwisho nikadaka D ya mbele na P ya nyuma, katikati nikaweka nukta. Nikajibu, "Yes, abwana."

Kuuliza kungenigharimu nusu dakika. Sikuuliza kwa sababu nilikuwa nimedai kwamba najua, na kazi ile walikuwepo wenyeji kumi walioitaka.

Kifaa chenyewe kilikuwa ruta ya kawaida ya nyumbani, tuliyotaka isambaze tu bila waya mtandao wa ruta kubwa ya shule, yaani iwe AP. Nilipofungua mipangilio nikaiona ile D yenye P, DHCP, imewashwa. Alisema niizime au niiwashe? Nikajiambia kwamba kitu kilichowashwa na kiwanda kina sababu yake. Nikachomeka waya, simu yangu ikashika mawimbi, nikafunga begi.

Waliowahi kupanga foleni ya mgao Dzaleka wataelewa haraka nilichokifanya. DHCP ni karani anayegawa namba. Kila kompyuta ikiamka inapaza sauti kuomba anwani, na karani wa kwanza kujibu ndiye anayesikilizwa. Ruta ya shule ilikuwa ikigawa namba zinazoanza na 192.168.88, na kuonyesha mlango wa kutokea nje. Mimi nikaleta karani wa pili, mwenye namba zake za 192.168.0, na mlango aliouonyesha ulikuwa yeye mwenyewe, ambaye hakuwa na njia ya kwenda popote. Ubaya wa kosa hili ni upole wake. Kompyuta zilizokwisha kupata namba ziliendelea na kazi, kwa hiyo jioni ile nilikiacha chumba cha kompyuta kikiwa kizima. Kesho yake zilipowashwa upya, nusu zikaangukia kwa karani wangu. Intaneti ikawa ipo kwa mwanafunzi huyu, haipo kwa jirani yake.

Mimi na bosi tulifika saa tatu. Bosi akauliza kama kuna mtu aliyegusa chochote. Mlangoni alisimama mama wa usafi na ndoo yake. Nikasema, kwa Kichewa changu kilichovunjika, makusudi ili naye asikie, kwamba labda waya uliguswa wakati wa kudeki.

Labda! Hata uongo sikuthubutu kuusema mzima.

Akajifuta mikono kwenye chitenje. "Pepani, achimwene," akaniambia. Samahani, kaka. Alikuwa na umri wa mama yangu.

Bosi hakusema neno. Aliinama kwenye kompyuta moja, akasoma anwani, 192.168.0.104, akaenda moja kwa moja kwenye kifaa changu. Dakika tano zilitosha. Kwenye gari ndipo aliponiuliza AP ni nini. Nikasema ni IP. Alicheka hadi akasimamisha gari kando ya barabara, akachukua daftari langu na kuniandikia herufi zote, na matamshi yake pembeni. Nikamwambia mengine yote. Hapo kicheko kikakatika.

"Wewe ni wa Dzaleka," akasema. Kambi yetu ilikuwa jela ya wafungwa wa kisiasa enzi za Rais Kamuzu Banda, kabla ya kupokea wakimbizi mwaka 1994, na kuleka kwa Kichewa ni kuacha. Jina lenyewe linasikika kama kiapo cha aliyechapwa, nitaacha. "Basi jina unalijua. Kamwambie yule mama."

Nilirudi shuleni wiki iliyofuata na sentensi ya Kichewa niliyoifanyia mazoezi njia nzima kutoka Mtandire. Chumba kilikuwa kimedekiwa, sakafu inang'aa, isipokuwa chini ya kabati la nyaya. Pale vumbi lilikuwa limekaa limezunguka kama kisiwa. Mama alikuwa amepakwepa. Akanisalimu yeye kwanza, akaniuliza kama nimeamka salama.

Nikamwomba ufagio, nikafagia pale mwenyewe. Ile sentensi ninayo hadi leo.