Kile kitabu kiko wapi? (Sehemu ya 6)

Mama mwenzangu, leo sina zamu, acha nikupigie stori ya Ory Okolloh. Ni wakili Mkenya, amesoma Harvard, lakini wengi tulimjua kwa blogu yake ya siasa, Kenyan Pundit. Mwaka 2006 alianzisha na mwenzake Mzalendo, wakawa wanafuatilia wabunge wetu: nani kasema nini bungeni, nani kanyamaza tu.

Ikaja ile Desemba ya 2007. Unakumbuka? Serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Mimi nilikuwa msichana wa shule, tumejifungia ndani na mama, redio inacheza nyimbo, na dirishani tunaona moshi. Ory akaendelea kuandika, watu wakimtumia habari za kwao. Januari 2008 akauliza nani anaweza kutengeneza ramani ya kuonyesha palipochomwa na watu walipouawa. Siku chache tu, Ushahidi ikazaliwa. Unatuma SMS, mtaa wenu unaonekana.

Wodini nisipoandika kwenye faili, mwenzangu wa usiku atajuaje mtoto alipewa dawa saa ngapi? Ndio maana nakusumbua na kile kitabu cha kliniki. Kiko wapi saa hii?