Kivuli cha Kijito

Wewe ukaaye Nachingwea au Ruangwa, bila shaka umewahi kuchota maji kijitoni mwezi wa Oktoba, jua likiwa la utosi. Chini ya miti maji ni baridi. Penye bustani, ambapo miti imekwisha kukatwa, ni vuguvugu. Watu husema kwamba kivuli huyapoza maji. Mimi sikubaliani nao. Maji ya chemchemi hutoka ardhini yakiwa baridi tayari. Kazi ya kivuli ni kuyakinga na miale ya jua, yasipate joto njiani.

Kijito hupata joto upesi kuliko mto mkubwa, kwa kuwa maji yake ni machache na kina chake ni kifupi. Maji yakipata joto, oksijeni iliyoyeyuka ndani yake hupungua. Lita moja ya maji yenye nyuzi 20 za Sentigredi huweza kushika miligramu 9 hivi za oksijeni. Yakifika nyuzi 30, 7 na nusu tu. Kambale huja juu akavuta hewa, lakini samaki wengi hawawezi.

Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 za ukingo. Hata hivyo, mama alimaye mchicha hapo anahitaji maji ya karibu, nami simlaumu.

Funga kipimajoto kwa uzi, ukitumbukize saa nane mchana, kwanza kivulini, kisha hatua mia moja chini zaidi, penye jua. Usiingie majini, kwa sababu ya kichocho. Andika nyuzi ulizopata.